Muulize Mama Maabara: Kipimo kinapogoma kufuata kitabu

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia jambo moja: maabara za mbali, zile ambazo mwanafunzi yuko na kompyuta yake mahali fulani, kifaa kiko chumba kingine kabisa, na kati yao kuna intaneti. Nadhani ni msimu wa ripoti. Kwa wageni wa safu hii: mimi ni fundi sanifu wa maabara ya uhandisi wa umeme, si mhadhiri. Miaka 26 kazi yangu imekuwa kuandaa vifaa, kuvitengeneza vikiharibika, na kuwakataza watu kuweka vikombe juu ya oskiloskopu. Miaka 11 ya karibuni baadhi ya vifaa hivyo nimeviunganisha na mtandao. Kwa hiyo nitajibu kama fundi, na fundi hana subira na maneno mengi, ingawa mhariri anasema mimi ninayo.

SWALI: Shikamoo Mama. Niko mwaka wa pili. Tumepewa jaribio la kuchaji kapasita (kipuri kinachohifadhi umeme) kupitia rezista (kipuri kinachobana mkondo) kwenye maabara ya mbali: rezista ya kiloomu 10, kapasita ya mikrofaradi 10. Kwa hesabu, konstanti ya muda, yaani rezista mara kapasita, inayoonyesha kapasita inajaa haraka kiasi gani, ni milisekunde 100. Nimepima mara tatu nikapata 87.1, 86.8 na 87.3. Kwenye programu ya kuigiza nilipata 100 kamili. Wenzangu wanasema kifaa ni kibovu, tuandike 100 na tueleze kuwa tofauti ni makosa ya kibinadamu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na hayo makosa ya kibinadamu, maana nimeyasoma kwenye ripoti mpaka nimeyachoka. Binadamu yupi? Wewe hukugusa kitu. Ulibofya, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ikafunga, kompyuta ndogo iliyo kando ya saketi ikasoma volteji na kukutumia namba. Kama kuna binadamu aliyekosea hapo, labda ni mimi au fundi mwenzangu, na sisi tunataka kuambiwa tumekosea wapi.

Sasa ziangalie namba zako bila haraka. Kati ya ndogo na kubwa kuna tofauti ya nusu milisekunde tu. Kati yake na kitabu kuna tofauti ya karibu 13. Kama tatizo lingekuwa kelele za umeme au kifaa kulewa, ungepata mara 80, mara 110, mara 95. Wewe umepata jibu lilelile mara tatu. Vipimo vyako vinapatana vyenyewe kwa vyenyewe, ila havipatani na kitabu. Maana yake ndani ya sanduku lile kuna kitu kimetulia mahali pake, na thamani yake si ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya maelekezo.

Ni kipi? Rezista ya kawaida yenye mstari wa dhahabu inaruhusiwa kupotoka kwa asilimia 5, juu au chini. Kapasita ya elektroliti, ile yenye umbo la mtungi, mara nyingi inaruhusiwa asilimia 20. Kwa hiyo rezista yako inaweza kuwa popote kati ya kiloomu 9.5 na 10.5, na kapasita kati ya mikrofaradi 8 na 12. Zidisha ndogo kwa ndogo, kubwa kwa kubwa: konstanti ya muda inaweza kuwa chochote kati ya milisekunde 76 na 126 bila kitu chochote kuwa kibovu. Yako, 87, imekaa humo ndani raha mustarehe. Tena kifaa cha kupimia chenyewe kina ukinzani wake, mara nyingi megaomu 1, ambao unakaa sambamba na kapasita na kupunguza konstanti kwa karibu asilimia 1. Ukilihesabu hilo, na kama rezista ni ya kweli, kapasita yako ni kama mikrofaradi 8.8. (Siku watakapokupa rezista ya megaomu 1 na ukaona volteji imegota nusu ya ile ya chanzo, usiniandikie barua nyingine. Rudi kwenye sentensi hii.)

Na ile programu ya kuigiza iliyokupa 100? Uliiambia 10 na 10, ikakurudishia maneno yako mwenyewe. Siidharau. Ni nzuri kwa kujua utegemee nini kabla ya kupima. Lakini haiwezi kukubishia, na maabara inayoshindwa kukubishia haijakupa sababu ya kuingia.

Andika 87.1. Andika mtawanyiko wa vipimo vyako. Kisha eleza kwa nini unashuku kapasita, na mwombe fundi wa kifaa hicho akuambie ilisoma ngapi alipoipima mezani. Kwenye kifaa changu mimi nimefunga kwa makusudi kapasita iliyo chini ya namba yake. Kila muhula nangoja aniulize mtu. Wanaouliza si wengi.

SWALI: Mimi ni mhadhiri. Nina wanafunzi 240 na seti moja tu ya mota ya DC yenye kihisio cha kasi. Kwa sasa wanakuja sita sita. Nimeshauriwa niiweke mtandaoni. Je, seti moja itatosha, au nitakuwa nimeihamisha foleni kutoka mlangoni kwenda kwenye skrini?

JIBU: Mwalimu, habari za kazi. Hao sita sita nimewatazama miaka mingi. Mmoja anashika nyaya, mmoja anaandika, mmoja anamuuliza anayeandika ameandika nini, na watatu wanangoja muda uishe. Foleni unayo tayari, ila imesimama ndani ya chumba.

Tupige hesabu. Ukimpa kila mwanafunzi dakika 20 za kuiendesha mota peke yake, 240 mara 20 ni dakika 4,800, yaani saa 80. Mota haina usingizi. Saa 80 ni siku tatu na saa nane. Katika wiki mbili wote wamepita na waliokosea wamerudia. Hiyo ndiyo njia ya zamu.

Kuna njia ya pili, ambayo mimi naiita njia ya kutuma. Mwanafunzi anajaza: volteji kiasi gani, kwa sekunde ngapi, sampuli ngapi. Anabofya, ombi linaingia kwenye foleni, kifaa kinatekeleza, majibu yanarudi. Jaribio likichukua sekunde 3, darasa zima linakwisha kwa dakika 12. Ndivyo walivyoanza MIT kule Marekani mwaka 1998, Profesa Jesús del Alamo alipounganisha mashine ya kupimia transista na mtandao ili darasa lipime transista halisi badala ya kuitazama ubaoni. Kazi ile ikaja kuitwa iLab, na baadaye vyuo vikuu vya Makerere, Dar es Salaam na Obafemi Awolowo vikashirikiana nao. Sweden, katika taasisi ya teknolojia ya Blekinge, wakaja na ujanja ninaoupenda zaidi, mfumo wa VISIR. Mwanafunzi anachomeka nyaya kwenye bredibodi (ubao wa kuungia saketi) iliyochorwa kwenye skrini, na upande wa pili rilei zinaunga saketi halisi inayolingana na mchoro wake. Kabla rilei hazijafunga, programu inakagua kama saketi aliyoitaka inaruhusiwa. Akitaka kuunguza kitu anakataliwa kwa adabu. Na kwa kuwa kipimo kimoja kinachukua sehemu ndogo ya sekunde, watu wengi wanatumia vifaa vilevile kwa pamoja na kila mmoja anaona kama yuko peke yake.

Mota yako, basi, igawe. Jaribio la kuipa volteji ghafla na kurekodi kasi inavyopanda lifanyike kwa kutuma. Jaribio la kutafuta thamani nzuri za kidhibiti kinachoishikilia mota kwenye kasi inayotakiwa, ambalo mtu anahitaji kujaribu, kutazama, kukuna kichwa na kujaribu tena, liwe la zamu.

Ila nikuonye. Kinachoua mfumo wa zamu si idadi ya wanafunzi, ni usiku wa mwisho. Ukiweka mwisho wa ripoti Jumapili saa sita usiku, mota italala bila kazi siku 12, kisha watu 150 watagombania saa 20 zilizobaki. Gawa darasa makundi manne yenye tarehe tofauti. Mtu asiruhusiwe kushikilia zamu zaidi ya mbili. Asipoingia ndani ya dakika 3, zamu yake ifunguliwe kwa mwingine. Na tarehe ya mwisho iwe saa sita mchana siku ya kazi, wakati fundi yupo. Hili la mwisho nakuomba kwa niaba ya mafundi wote.

SWALI: Niliingia saa nne usiku, kamera ikaonyesha giza tupu, lakini data ilikuja kama kawaida. Data hiyo ni halali? Naogopa kuipeleka.

JIBU: Halali. Kuna mtu alizima taa, basi.

Kwetu ilitokea. Mfanya usafi wetu, mtu makini kuliko sisi sote, alikuwa akizima taa kila akimaliza, na hakuna aliyemwambia asizime. Usiku tano mfululizo. Nilipokea ripoti 31 zenye mstatili mweusi, na chini yake maandishi: "Mchoro wa 2: mota ikizunguka." Wawili tu ndio waliouliza kwa nini ni giza. Siku hizi kuna taa ndogo ya LED iliyounganishwa na rilei. Mwanafunzi akiingia inawaka, akitoka inazima. Wewe umeuliza, kwa hiyo kwangu ungekuwa wa tatu. Angalia tu kama jaribio lenu linatumia sensa ya mwanga iliyo wazi. Hapo giza si jambo la kamera pekee, limeingia hadi kwenye data.

SWALI: Mtandao wangu ni dhaifu na kifurushi kinaisha haraka. Dakika 20 za maabara zinanimalizia. Kuna njia?

JIBU: Zima video. Video ya kawaida ya kilobiti 500 kwa sekunde, kwa dakika 20, ni megabaiti 75. Sampuli 1,000 za kipimo, kila moja baiti 2, ni kilobaiti 2. Umeona mzigo uko wapi. Kitu chenyewe ulichofuata hakifiki hata uzito wa picha moja ndogo; kilichobaki ni kuitazama mota ikizunguka, na mota ikizunguka haina habari mpya baada ya sekunde ya kumi. Kama ukurasa wa maabara yenu hauna kitufe cha kuzima video, mwombe fundi akiweke, na aweke pia picha tuli inayojisasisha kila sekunde chache kwa wanaotaka kuhakikisha kifaa kipo. Na ufanye kwa njia ya kutuma kama ipo: unatuma, mtandao unakatika, unarudi baadaye, majibu yanakungoja.

SWALI: Mama, nimeandika programu ya kusimamisha fimbo juu ya kigari, kama mtu anavyosimamisha ufagio kwenye kiganja. Nataka iendeshwe kutoka kwenye kompyuta yangu, isome mwinamo kupitia mtandao na kutuma amri kwa mota. Kwenye programu ya kuigiza fimbo inasimama. Kwenye maabara ya mbali inaanguka kila mara. Fundi wetu anasema haiwezekani. Ananikatisha tamaa au anasema kweli?

JIBU: Anasema kweli, ila angekuonyesha kwa nini.

Fimbo yenye uzito nchani, urefu sentimita 30, ina mwendo wake wa kuanguka. Gawanya urefu kwa mchapuko wa mvuto, mita 0.3 kwa 9.8, chukua kipeuo cha pili, unapata kama sekunde 0.17. Kila muda huo ukipita, mwinamo unakaribia kuzidi mara 2.7 ya ulivyokuwa. Sasa ujumbe wako unatoka kwenye kihisio, unafika kwako, programu inaamua, amri inarudi. Tuseme safari nzima ni robo sekunde. Fimbo iliyokuwa imeinama digrii 1 ulipopata habari inaweza kuwa imefika digrii 4 amri yako inapoingia. Unarekebisha jambo la zamani. Na mtandao haucheleweshi kwa kipimo kimoja: mara robo sekunde, mara nusu, mara ujumbe umepotea. Hata kiganja chako kisingeweza kama macho yangekuonyesha ufagio ulivyokuwa robo sekunde iliyopita.

Usiitupe programu yako. Mwombe fundi aiweke kwenye kidhibiti kilicho palepale kando ya kigari, isome na kuamuru huko huko, mamia ya mara kwa sekunde. Wewe kupitia mtandao utume namba za kidhibiti, amri ya kuanza na ya kusimama, kisha upokee rekodi. Hiyo bado ni kazi yako kwa asilimia mia.

Na kama unachotaka hasa ni kudhibiti kitu kupitia mtandao, omba kifaa kivivu. Tangi la maji linalochukua dakika kadhaa kujaa, au kipande cha chuma kinachopashwa moto taratibu. Kwa vitu hivyo robo sekunde si kitu. Nimewahi kumwona mwanafunzi akidhibiti joto la bomba kupitia mtandao uliokuwa ukikatika kila baada ya muda, na grafu yake ilikuwa safi kuliko ya waliokaa mezani, kwa sababu hakuwa na namna ya kuhangaika na kitufe kila sekunde.

SWALI: Mimi na rafiki yangu tumeitwa ofisini, tumeambiwa tumenakiliana data. Ni kweli zinafanana, lakini jaribio ni moja na kifaa ni kimoja. Si lazima zifanane?

JIBU: Grafu zifanane, ndiyo. Namba, hapana.

Chukua kisoma volteji cha biti 12, yaani kinachogawa kipimo hatua 4,096, chenye upeo wa volti 5. Hatua yake moja ndogo kabisa ni milivolti 1.2 hivi. Kelele za umeme ndani ya chumba zinaitikisa namba hatua moja au mbili huku na huko kwenye kila sampuli. Tuseme nikuhurumie, kila sampuli ina nafasi tatu tu za kuangukia, zenye uwezekano sawa. Kwa sampuli 500 zilingane zote baina ya vipimo viwili tofauti, uwezekano ni 1 kwa namba yenye tarakimu 239. Kelele ya kipimo ni kama alama ya kidole. Nami nikitaka kujua kama faili mbili zimezaliwa siku moja, siangalii mkunjo, naangalia vijinundu vidogo vilivyo juu yake.

Sasa yawezekana mlikaa pamoja kwenye zamu moja na kila mtu akapeleka faili ileile. Semeni hivyo, mapema, kabla hamjaulizwa mara ya pili. Kumbukumbu za seva zinaonyesha nani aliingia na lini, kwa hiyo ukweli wenu una shahidi. Ila kama rafiki yako hakuingia kabisa, shahidi huyohuyo yupo upande mwingine.

Kwa faida ya wengine: kuna mwaka nilipata faili isiyo na kijinundu hata kimoja. Mkunjo laini kama hariri. Kijana alikuwa ameikokotoa kwa kanuni. Niliiweka kwenye skrini pamoja na 40 nyingine, na darasa lenyewe likamtambua kabla sijafungua mdomo.

SWALI: Mimi ni mhandisi mstaafu. Naona vijana wanafundishwa maabara kwa kubofya. Hivi mtu atakuwaje mhandisi bila kushika bisibisi? Enzi zetu tuliungua vidole.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nusu ya hoja yako naibeba nilivyo.

Januari 2002, kule San Diego, wataalamu wa elimu ya uhandisi walikutana wakaorodhesha mambo ambayo maabara inapaswa kumpa mwanafunzi. Yakawa 13, Lyle Feisel na Albert Rosa wakayaeleza kwa maandishi mwaka 2005. Mengi yanapita kwenye waya bila shida: kutumia vyombo vya kupimia, kulinganisha nadharia na kipimo, kuchambua data, hata kujifunza kutokana na kushindwa. Mawili yananipa taabu. Ustadi wa mikono ni moja. La pili ni kutumia hisi. Harufu ya rezista inayokaribia kuungua. Mlio wa beringi iliyoisha. Joto la mota iliyokwama, ambalo mkono unalijua kabla ya kipimajoto. Hayo hayapiti kwenye kamera, na anayesema yanapita anauza kitu.

Kwa hiyo kwetu wanaanza mezani. Wiki mbili za kwanza wanalehemu, wanachanganya nyaya, wanakata fyuzi. Sharti langu kila mtu akate walau fyuzi moja kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya hapo ndipo wanaingia kwenye maabara ya mbali, na hapo wanarudia jaribio mara 10, mara 15, kitu ambacho saa mbili za meza hazijawahi kuruhusu. Mwisho wa muhula nawafungulia sanduku lenyewe. Mwaka jana binti mmoja aliinama juu yake, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe ni kadogo hivi!" Miezi mitatu alikuwa akiiona mota ile imejaa skrini nzima. Akaishika. Ilikuwa ya moto, mwenzake alikuwa ametoka kuitumia.

Nusu nyingine ya hoja yako siibebi, na uniwie radhi. Hebu kumbuka kazi yako ya miaka ya mwisho. Mara ngapi uliamua jambo kubwa kwa kutazama namba iliyotoka kwenye kituo cha umeme au pampu iliyo mbali, usiyoweza kuigusa? Na mara ngapi namba ile ilikuwa ya uongo kwa sababu sensa ilikuwa imelegea? Kijana anayezoea mapema kuuliza "namba hii imetoka wapi, na chombo kilichoipima kina hali gani" amejifunza jambo ambalo bisibisi peke yake haikutufundisha sisi. Tulijifunza ukubwani, kwa gharama ya mwajiri.

SWALI: Fundi mwenzangu, nimeagizwa nijenge maabara ya mbali ya kwanza ya idara yetu. Nina kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, rilei, na mota yenye kigari kwenye reli. Nianzie wapi?

JIBU: Pole, na hongera. Anzia mahali ambapo kila mtu anaanzia mwisho: kitu kikikwama na wewe haupo, nini kinatokea?

Kifaa changu cha kwanza kilikuwa kigari kama chako. Programu ilikuwa na mipaka, kigari kikifika mwisho wa reli kinasimama. Ijumaa jioni programu iliganda huku mota ikiwa imewashwa. Jumatatu asubuhi nilikuta kigari kimebanwa ukutani, mota bado inasukuma, na juu ya meza kuna lundo dogo la unga mweusi. Ule ulikuwa mkanda wa mpira. Tangu siku hiyo mipaka yangu ni swichi halisi mbili, moja kila mwisho wa reli, zinazokata umeme wa mota moja kwa moja bila kuomba ruhusa kwa programu yoyote. Fyuzi iwepo. Chanzo cha umeme kiwe na kikomo cha mkondo. Kidhibiti kiwe na saa ya ulinzi inayokiwasha upya kikiganda. Na kila zamu inapoisha, mwanafunzi ametoka vizuri au mtandao umemkatikia, kigari kirudi chenyewe katikati na kutulia. Mwanafunzi anayefuata asirithi uchafu wa aliyemtangulia.

Rilei zihesabu. Rilei ndogo za kawaida, zikikata mkondo wao kamili, mara nyingi zimekadiriwa kwa mizunguko 100,000 hivi. Inaonekana ni nyingi mpaka darasa la watu 240 lianze kubofya kwa wasiwasi. Mimi nina kaunta kwenye programu, na nabadilisha kabla hazijaanza kushikana.

Kompyuta ya kifaa isikae uchi kwenye intaneti. Iweke nyuma ya seva inayopokea wanafunzi, kukagua akaunti zao na kupanga foleni. Kifaa chenyewe kizungumze na seva tu. Wanafunzi waingie kwa kivinjari cha kawaida kupitia njia salama ya kawaida ya wavuti, kwa sababu milango mingine huwa imefungwa na watu wa mtandao wa vyuo, na hutaki kuandika barua 15 kuomba ifunguliwe.

Jambo dogo, lakini limeniumiza: ukibadilisha kipuri, badilisha na maelezo kwenye ukurasa siku hiyohiyo. Niliwahi kuweka mota mpya ya namba ileile, nikadhani ni ileile. Darasa zima likapata konstanti isiyofanana na ya mwaka uliotangulia, na walionakili ripoti za kaka zao wakajulikana wote. Hilo la pili sikulipanga.

SWALI: Mama, mimi hufanya majaribio saa tisa usiku maana ndipo mtandao unakuwa mwepesi. Je, namsumbua mtu huko?

JIBU: Humsumbui mtu. Chumba kimefungwa, hakuna anayelala mle.

Ila kuna usiku huwa nabaki kazini nikimalizia kulehemu, na ghafla kutoka chumba cha pili nasikia rilei: tak. Kimya kidogo. Tak. Kisha mota inapanda kasi, inashuka, inapanda tena polepole zaidi ya mara ya kwanza. Hapo najua kuna mtu amebadilisha namba moja na anataka kuona kitakachotokea. Wakati mwingine naacha kazi yangu nikasikilize mpaka amalize.